Saa Nzima Kabla ya Kahawa

Nyumbani kwetu Njombe asubuhi haikuanza mpaka kahawa ichemke. Kengele ya kanisa ingelia, majirani wangepita na majembe begani wakiamkiana "Kamwene" huku pumzi zao zikifuka, na sisi bado tumelizunguka jiko, kimya, tunangoja. Ilikuwa mwiko kumsemesha mtu ambaye hajanywa. Kama ulivunja sahani jana yake, ulishukuru Mungu kwa dakika hizo na kuomba maji yachelewe kuchemka.

Baba ndiye aliyeileta desturi hiyo. Ujanani alifanya kazi Mbinga kwenye mashamba ya kahawa, akarudi na koti moja, kikaango kimoja cha udongo, na kiu ambayo haikumtoka mpaka siku aliyofariki. Majirani zetu wote ni watu wa chai, na si kosa lao, maana mashamba ya chai yapo hapo hapo tunapoishi. Walituita watu wa maji meusi. Baba hakukasirika. Alisema chai ni maji yaliyotiwa rangi, kisha akamnyooshea mama kikombe chake kiongezwe.

Mama ndiye aliyekaanga na mama ndiye aliyetwanga. Alikaanga mlangoni ili moshi utoke, akizigeuza punje kwa mwiko uliokuwa umeungua upande mmoja, na sisi watoto tulijua kwa harufu tu zimefika wapi: kwanza nyasi mbichi, halafu mkate, halafu kitu ambacho hadi leo sijakipatia jina. Nikifumba macho kibandani kwangu sasa hivi, na cherehani ikiwa imenyamaza, harufu hiyo hunijia bila kuitwa. Hunifanya nikae mkono hewani, mkasi wazi, mteja akidhani ninapima kwa macho.

Mama yangu alikuwa mtu wa mbio. Visigino vyake navikumbuka kuliko uso wake, kwa sababu utoto wangu wote nilikuwa nyuma yake nikikimbia, kwenda shambani, kwenda sokoni, kwenda mazoezi ya kwaya. Ulimi wake nao ulikuwa na mbio. Nguo ya kwanza niliyoshona nikiwa bado najifunza ufundi, aliishika mabegani, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Hii umemshonea mtu au umekishonea kiti?" Nililia siku nzima. Jumapili akaivaa kanisani, na aliyethubutu kuicheka alikiona cha moto.

Mimi leo ni fundi cherehani Makambako. Kibanda changu kiko karibu na stendi, pale malori yanayokwenda Zambia yanapopishana na mabasi ya Songea, na upepo hauna adabu hata kidogo. Kila asubuhi anapita mzee mmoja muuza kahawa, na birika lake juu ya makaa. Tunamsikia kabla hatujamwona, kwa vile anavyogonganisha vikombe. Mimi ni mteja wake wa kwanza, na saa nne anarudi kwangu tena, na mchana tena.

Najua kahawa inavyonifanya. Ikinikuta sijala kitu, naihisi inavyotembea: kifua kinapata joto, halafu masikio, halafu vidole vinaanza kutaka kazi. Moyo unaongeza mwendo, mguu unakanyaga cherehani kabla sijauambia. Njaa inakata. Inafika saa nane nakumbuka kwamba sijala, na hata hapo nakumbuka kwa sababu jirani yangu muuza maharage ameniuliza kama nimefunga. Kikombe cha tatu kikizidi, mkono unatetemeka na uzi haupiti tundu la sindano hata nikiulamba. Mwili wangu ni mwembamba, wa kuungua upesi, kama kuni za mkaratusi. Futi yangu ya kupimia ningeweza kujizungusha karibu mara mbili. Mzee muuza kahawa huniambia, "Fundi, wewe moto wako unawaka hata ukilala." Nilikuwa nalichukulia hilo kama sifa.

Sasa, mama alikuwa na rovu. Tangu nikiwa mdogo lilikuwepo shingoni kwake, mviringo, limekaa juu ya kifungo cha kwanza cha gauni, na sikuwahi kuliona kuwa ugonjwa. Wanawake wengi wa rika lake huku milimani walikuwa nalo. Nilipoanza kumshonea, nilimkatia shingo pana bila kuulizwa. Lakini baba alipokwisha kufariki lilianza kukua kwa kasi, akawa akilala analiwekea mto wake lenyewe, na mwishowe hospitali wakasema litoke, pamoja na tezi yote.

Lilitoka salama. Siku ya kuruhusiwa, daktari alitukalisha mimi na kaka yangu mkubwa pamoja na mama, akatueleza kwa upole mkubwa. Alisema tezi ile ndiyo inayopepea moto wa mwili. Chakula ni kuni, alisema, lakini kuni peke yake haziwaki, lazima pawe na mpepeaji. Mpepeaji wa mama hayupo tena, kwa hiyo kuna kidonge hiki kidogo cheupe, kitapepea badala yake kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Akimeze asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji.

Tulisikia vizuri. Nataka ieleweke kwamba tulisikia.

Asubuhi ya kwanza nyumbani ilikuwa mwezi wa sita. Anayeijua Njombe mwezi wa sita hahitaji maelezo. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, na kata tuliyochotea maji ya ndooni iliuma vidole. Mama alikaa karibu na jiko, kitambaa cheupe cha kidonda shingoni, kidonge kiganjani, na mkono wa pili ameshika kikombe cha maji. Alikuwa tayari kufanya kama alivyoambiwa. Mimi nilimpokonya kile kikombe. Nilikuwa na haraka ya mapenzi, na haraka ya mapenzi haisikii. "Mama, maji ya baridi hivi na kidonda kibichi, unataka kifua?" Nikayamwaga mlangoni. Nikamtilia kahawa ya kwanza, moto, nzito, nikamwekea mdomoni mwenyewe.

Wala hakuna mtu wa kwetu ambaye angefanya vingine. Sisi watu wa baridi tunamezea dawa kitu cha moto, ndivyo tulivyolelewa. Maji yenyewe ya moto nyumbani asubuhi yalikuwa ya kahawa, hakukuwa na mengine. Na kahawa ni nini, nilijiuliza, kama si maji yaliyochemka?

Nilikaa naye wiki mbili, nikarudi Makambako. Kuanzia hapo kila Jumamosi mchana nilifunga kibanda, nikapanda basi, nikafika Njombe jua likiwa upande wa pili wa miti ya misindano, na begi langu lina kahawa. Kahawa mbichi niliipata kwa wafanyabiashara wanaotoka Mbinga wakishukia stendi. Jumapili alfajiri niliamka kabla ya mama, nikakaanga, nikatwanga, nikamwita. Saa hizo ndizo nilizokuwa nikiziota wiki nzima kwenye kelele za malori: ukungu umelala kwenye bonde, jiko linapumua, na ile harufu, nyasi, mkate, na kile kisicho na jina. Mara nyingine, nikiwa nimeinamia kinu, nilikuwa na hakika kabisa kwamba nikigeuka ghafla nitamwona baba na koti lake. Kwa hiyo sikugeuka ghafla.

Sikuona mwanzo wake. Mambo ya namna ile hayana mwanzo. Kuna Jumapili nilimwita mama mara mbili, na Jumapili nyingine mara nne. Kuna siku alianza kunieleza habari ya jirani aliyeuza shamba, akafika katikati, akatazama dirishani, na mwisho wa habari haukuja. Nilisubiri. Alikuwa ametulia kabisa, uso umejaa kidogo, macho yamefumbwa nusu, kama mtu anayesikiliza wimbo nyumba ya jirani. Mikono yake ilikuwa baridi hata akiwa ameiweka juu ya makaa. Sauti ilizama. Kwenye kwaya alihama kutoka mstari wa mbele akaenda wa nyuma, kisha akahamia kwenye viti vya waumini, kisha akaanza kusali nyumbani.

Futi ilijua kabla yangu. Kila Krismasi namshonea gauni, na vipimo vyake viko kwenye daftari langu, ukurasa wake peke yake. Mwaka ule ilibidi niongeze kiunoni, kifuani, hata kwenye mikono. Nilimuuliza anakula nini siku hizi. Alisema hali kitu, hana hamu. Nilitazama sahani zake, na kweli viazi vilirudi kama vilivyokwenda. Sikuelewa mtu anawezaje kuongezeka kwa chakula ambacho hakuli. Nilikata kitambaa kwa vipimo vipya, na alipovaa hakusema neno lolote, si la kiti wala la mtu. Alisema tu, "Asante, mwanangu," akaenda kukaa juani. Nilitamani anitukane.

Kliniki walimpima damu wakaongeza dawa. Baada ya miezi wakaongeza tena. Walimuuliza kama anameza kila siku na yeye akasema ndiyo, kila siku, na hakudanganya.

Kaka yangu ana mashamba ya parachichi nje ya mji na ana jibu la kila jambo. Jibu lake lilikuwa uzee. "Mama amechoka," alisema. "Baada ya mavuno nitamchukua akae kwangu. Hii nyumba tuifunge." Alisema hivyo mama akiwa amekaa hapo hapo kwenye benchi. Zamani angemrushia kaka kandambili kabla hajamaliza sentensi. Nyumba ile aliijenga na baba tofali kwa tofali, na aliapa mara nyingi kwamba atatolewa humo akiwa ametangulizwa miguu. Siku ile aliinua kichwa polepole, akamtazama mwanawe, akasema, "Sawa."

Hilo "sawa" liliniogopesha kuliko kisu cha daktari. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, halafu nikarudi nikagombana na kaka mpaka akaondoka bila kuaga. Nilimwambia kwamba mama hana umri wa kuzeeka namna hiyo. Nilimwambia anataka kumzika mtu angali hai. Yeye alisema mimi ni fundi cherehani, si daktari, na katika hilo alikuwa sahihi.

Makambako nilimweleza mzee muuza kahawa. Alinimiminia, akafikiri. "Madereva wangu wanatoka bandarini mpaka mpakani na hawalali," alisema. "Unajua kwa nini? Kahawa inaamsha damu. Mama yako damu yake imelala." Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamini kabla hajasema. Mwili wangu mwenyewe ulikuwa ushahidi. Kama kikombe kinawasha moto kwangu, kwake kitashindwaje? Basi nikaongeza. Nikamwachia mama kopo la kahawa iliyotwangwa, nikamwagiza kila siku ameze kidonge kwa kikombe kizima, si kwa funda moja, na baadaye kikombe cha pili. Alitikisa kichwa. Nilimwekea kopo karibu na dawa ili asisahau.

Jumapili moja ya miezi ile naikumbuka kama ndoto, na huenda baadhi yake niliiota. Tulikaa kwenye benchi, mgongo ukutani. Ukungu ulikuwa haujaamua kuondoka. Mama alikuwa amekunywa vikombe viwili vya mkono wangu na bado kichwa kilikuwa kinashuka begani kwangu, kizito, cha joto dogo sana. Akauliza, "Baba yako hajarudi shambani?" Nilisema bado. Akasema, "Atakuja na baridi." Nikasema ndiyo, nimemwekea kahawa. Mimi moyo ulikuwa unakimbia kifuani kwa kahawa ile ile, na yeye wake nilipoushika mkononi ulipiga, ukangoja, ukapiga. Nilipata hisia kwamba tumekaa kwenye benchi moja lakini kila mmoja ana saa yake, na kwamba ya mama inakaribia kusimama.

Yaliyofuata yalinikuta na pini mdomoni.

Alikuja mteja, nesi wa zahanati moja ya huko Makambako, sare yake imebana. Nilimsimamisha kwenye kigoda, nikapiga magoti kuweka pini kwenye pindo. Wateja huongea nikiwa chini, na siku ile nilitangulia kuongea mimi. Nilimweleza habari za mama, rovu, kidonge, baridi, usingizi, dawa inavyoongezwa bila faida. Kisha nikatia pini nyingine mdomoni niendelee na kazi.

Aliuliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Anamezea nini?"

Nilikuwa na pini tano katikati ya meno. Nilizitoa moja moja, nikazichomeka kwenye mkono wa gauni langu, na nilipofika ya mwisho nilikuwa nimekwisha kuelewa, sijui kwa njia gani, labda kwa namna alivyoacha kujitazama kwenye kioo akanitazama mimi.

"Kahawa," nilisema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Mimi ndiye ninayempa."

Alishuka kwenye kigoda na sare imejaa pini. "Fundi, kile kidonge hakipatani na kahawa. Kahawa inakizuia kisiingie kwenye damu. Kinapita tumboni kama mgeni anayepita barabarani, hodi hapigi. Ameze kwa maji matupu, akae saa nzima, ndipo anywe anachotaka." Aliniangalia, akaongeza kwa upole, "Wengi hawajui, dada."

Usilolijua ni kama usiku wa giza, husema watu, na husemwa ili kumfariji mtu. Mimi halikunifariji. Asubuhi ile ya kwanza mama alikuwa ameshika kikombe cha maji. Nilikiona tena, nikaona mkono wangu unakifuata.

Ilikuwa Alhamisi. Nilifunga kibanda na sare ya nesi ikiwa bado haijamalizika, nikapanda basi. Mama aliponiona mlangoni aliuliza kama ni Jumapili. Nilisema si Jumapili. Hakuuliza tena. Nilimwambia kliniki wamebadilisha utaratibu: maji ya uvuguvugu, kisha kungoja. Ndivyo nilivyosema, kliniki wamebadilisha. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili na nilidanganya kama mtoto aliyevunja sahani. Jioni nilichemsha maji, nikayajaza kwenye chupa ya chai, nikaiweka kichwani pa kitanda chake pamoja na kidonge. Kopo la kahawa nililipeleka jikoni, rafu ya juu. Nikamwomba kaka amsamehe mama hiyo safari mpaka mvua zianze. Kaka akasema, "Haya, daktari." Nililimeza hilo.

Saa hiyo ya kungoja ilikuwa ndefu kwetu sote wawili siku za Jumapili. Nyumba ambayo watu hawasemi kabla ya kahawa ilikuwa sasa na saa nzima ya kutokusema. Tulikaa. Niliitazama mishale ya saa ya ukutani kwenye mwanga wa makaa. Wakati mwingine mama alisinzia, na mimi nikamfuata, na nilipozinduka sikujua tumeamka au bado.

Wiki ya tatu akamaliza habari ya jirani aliyeuza shamba. Aliimaliza ghafla, kana kwamba hakuwahi kuikatisha. Wiki ya tano nilikuta amelima tuta moja la mboga. Wiki ya saba niliingia na gauni nililomrekebishia, akalishika mabegani, akaligeuza mbele na nyuma.

"Huu mkono," alisema, "uliukata ukiwa macho?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliniuliza kama nimeshikwa na kichaa huko Makambako.

Lakini moto ukirudi hauji na kipimo. Dawa iliyokuwa imeongezwa mara mbili kwa ajili ya mwili uliokuwa hauipati, sasa mwili uliipata yote. Mama akaanza kufagia uwanja gizani. Akatoka jasho mwezi wa saba, watu wote wakiwa na makoti mawili mawili. Jumapili moja nilimshika mkono, na moyo wake ulikuwa unakimbia kuliko wangu wa vikombe vitatu. Nikampeleka kliniki siku iliyofuata.

Daktari aliangalia karatasi za damu, za zamani na za sasa, akatutazama juu ya miwani. "Kuna kitu kimebadilika hapa," alisema. "Nini?"

Mama akanigeukia, nijibu mimi, maana mimi ndiye wa mambo ya dawa. Nilitamani kuwa na pini mdomoni. Lakini mtu akikaa kimya hapo, dawa itapunguzwa kwa kubahatisha, na mimi nilikuwa nimebahatisha ya kutosha. Nikasema, "Nilikuwa nampa pamoja na kahawa. Tangu siku ya kwanza. Alitaka kumezea maji, nikayamwaga." Daktari aliandika, akapunguza kidonge, akamwagiza mama arudi apimwe tena. Hakunigombeza. Mama naye hakusema kitu, wala njiani hakusema, wala nyumbani. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwake, na mimi nikarudi Makambako. Wiki ile nilishona vibaya. Mzee wa kahawa alipita, nikamwambia leo hapana, akasimama akinitazama kama aliyesikia msiba.

Jumapili iliyofuata niliamka na kumkuta mama yuko jikoni tayari. Jiko limewashwa. Alikuwa amekwisha kumeza. Kikombe cha maji kilikuwa kitupu miguuni pake. Ukungu ulikuwa umekuja mpaka mlangoni na kusimama hapo. Nilikaa mahali pangu. Nilijua mwiko, nikangoja.

Yeye ndiye aliyeuvunja. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akitazama makaa. "Na nguo zenyewe unanishonea wewe."

Nilianza kulia. Nilimwambia nisamehe, mama. Nilimwambia nilidhani nakuwasha, kumbe nakuzima. Aliniacha nilie, kama anavyoacha maji yachemke, bila kuyagusa.

"Nikuambie kitu," alisema baadaye. "Mimi kahawa siipendi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Sijawahi kuipenda. Mimi nimezaliwa kwenye chai. Nilimzoea baba yako, nikaizoea na kahawa yake, maana ukimpenda mtu utafanyaje? Alipofariki nilisema, haya, nimepumzika. Halafu wewe ukaanza kuja kila Jumamosi na begi lako, na baridi yote ile, na alfajiri unakaanga." Alinyoosha mkono akasogeza kaa moja kwa kidole, upesi, kama zamani. "Nikikusikia unatwanga, naona huyu mtoto amefiwa kuliko mimi. Nikanywa."

"Na wakati ule umelala lala?"

"Wakati ule ilikuwa kama maji ya majivu. Lakini uliniachia kopo, ukasema kila siku. Ningekudanganyaje?"

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na nje mtu alipita akisema "Kamwene" na mwingine akaitikia, sauti bila watu. Nilijaribu kuhesabu vikombe nikashindwa. Vya baba, vya miaka yote, na vyangu. Hasira ilinipanda kidogo, kwa nini hakusema, kisha ikashuka, kwa sababu mimi pia sikuwahi kumuuliza.

Saa ilipotimia niliinuka, mkono ukaenda rafu ya juu wenyewe.

"Leo nataka chai," alisema mama.

Nilisimama. Nimezaliwa katika nyumba ile na sikujua majani ya chai yanakaa wapi. "Nyuma ya kopo la kahawa," alisema. Nikasogeza kopo. Pakiti ilikuwa hapo, mdomo umekunjwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo, imebaki nusu. Alikuwa akinywa jioni, alisema, nikishaondoka.

Nilichemsha kama alivyonielekeza, na tangawizi nyingi, na sukari nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia. Nikamimina vikombe viwili. Alikunywa chake macho yamefumbwa, hana haraka, mashavu yakipata rangi. Changu kilikuwa kitamu mpaka meno yaliuma. Nikakimaliza, nikaomba kingine.